Grace Hopper, mwalimu aliyeifundisha mashine lugha ya biashara

Mwanamke anayenunua karoti na vitunguu katika soko la Mahoko, sekta ya Kanama wilayani Rubavu, hana haja ya kujua kompyuta inafanya kazi vipi. Haja yake ni mzigo ushuke Gisenyi mapema, uvuke kwenda Goma, na karatasi zake zikubaliwe pande zote mbili za mpaka. Lakini yule anayeagiza vitenge au vipuri vya pikipiki kupitia Mombasa au Dar es Salaam anajua vizuri kwamba siku hizi mzigo hautembei kwa magurudumu peke yake. Kabla lori halijafika, taarifa zake zimekwisha kupita katika kompyuta za bandari, za forodha, za benki na za wakala. Zikisomana, lori linapita. Zisiposomana, karani anaandika upya kile ambacho kilikwisha kuandikwa katika nchi jirani, dereva analala mpakani, na gharama ya kulala inaingia katika bei ya bidhaa.

Kila nchi ilijenga mfumo wake kwa njia yake. Rwanda na Uganda zilichukua ASYCUDA, mfumo uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Kongo hutumia huohuo kwa jina lake la Kifaransa, SYDONIA. Kenya mwaka 2005 ilichukua mfumo wa Senegali ulioitwa Gaïndé, neno la Kiwolofu lenye maana ya simba, nayo ikauita Simba. Tanzania mwaka 2014 ilianza kutumia TANCIS, uliojengwa kwa ushirikiano na Wakorea. Mwaka huohuo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza utaratibu wa eneo moja la forodha, na mifumo iliyozaliwa mbalimbali ikalazimika kuzungumza. Mashine haziwezi kujizungumzisha zenyewe. Wanaozizungumzisha ni watu waliofundishwa kuandika programu na ambao, pamoja na hayo, wanaelewa kazi ya forodha na ya biashara inavyokwenda hatua kwa hatua.

Ukitoka Kanama ukafuata barabara ya Musanze hadi Mukamira, wilayani Nyabihu, utakuta shule ya serikali iliyoanza mwaka 2019 kuwafundisha vijana wa sekondari uandishi wa programu, Rwanda Coding Academy. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 60. Fikra kwamba kijana wa kawaida anaweza kufundishwa kazi hiyo, na kwamba programu iandikwe kwa maneno ambayo hata mwenye duka atayaelewa, ilionekana kichekesho ilipotolewa mara ya kwanza miaka ya 1950. Aliyeipigania kuliko wengi alikuwa mwanamke wa Marekani, mwembamba, mvutaji sigara, mwenye ulimi mkali. Jina lake Grace Hopper.

Alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Baba yake alikuwa wakala wa bima. Mama yake alipenda hesabu, ingawa enzi hizo msichana hakutarajiwa kwenda nazo mbali. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alifungua saa ya kengele aone kilichomo ndani. Vyuma vikamwagika, akashindwa kuvirudisha, akafungua saa ya pili ili aone ya kwanza ilivyokuwa imepangwa. Mama yake alipogundua, saa saba za nyumbani zilikuwa zimevunjwa vipande. Hakumchapa. Alimwachia moja ya kuchezea, nyingine zikawa mwiko.

Alimaliza Chuo cha Vassar mwaka 1928, akapata shahada ya uzamili Yale mwaka 1930 na ya udaktari wa hisabati hukohuko mwaka 1934. Aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi. Ndoa hiyo haikudumu na hawakupata mtoto, lakini jina la mume alibaki nalo hadi kifo.

Tangu mwaka 1931 alikuwa akifundisha hisabati Vassar, na hapo ndipo tabia yake ya kazi ilipoonekana. Aliwataka wanafunzi wa hesabu waandike insha, kisha akazisahihisha kwa kalamu nyekundu, herufi na nukta. Walilalamika kwamba hawakuja kusoma lugha. Yeye alishikilia kwamba anayejua hesabu bila kuweza kumweleza mwenzake ni kama hajui. Wengi waliofika kwenye kompyuta baadaye walitoka kwenye uhandisi. Yeye alitoka darasani, na alibaki mwalimu maisha yake yote.

Vita ilipoikumba Marekani Desemba 1941, Hopper alitaka kuingia jeshi la wanamaji. Alikataliwa: amepita umri, uzito wake mdogo mno kwa kimo chake, tena mwalimu wa hisabati anahitajika chuoni. Hakukubali. Desemba 1943 alipata ruhusa maalumu ya uzito, akaacha kazi kwa muda, akaingia kikosi cha akiba cha wanawake. Katikati ya mwaka 1944 alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza darasani na kupewa cheo cha luteni. Alitarajia kupelekwa kwenye kazi ya kuvunja siri za maadui. Badala yake alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye chumba kilichokuwa na mashine ya urefu wa mita 15 hivi.

Mashine hiyo ilijulikana kama Mark I. Ilikuwa na mota, magurudumu na swichi nyingi, ikitoa kelele mchana na usiku. Mkuu wake, Howard Aiken, alikuwa mtu mkali asiyependa maelezo marefu. Siku ya kwanza tu alimpa Hopper hesabu ya kutatua na muda mfupi wa kuitatua. Hakukuwa na kitabu cha kusoma wala mtu wa kumwuliza zaidi ya vijana wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch. Hopper akawa mtu wa tatu kuandika programu za mashine hiyo. Baadaye Aiken alimwamuru aandike kitabu cha maelezo ya mashine. Alijitetea kwamba hajawahi kuandika kitabu. Akakumbushwa kwamba sasa yuko jeshini. Kitabu kilitoka mwaka 1946, chenye kurasa zaidi ya 500.

Katika chumba hicho Hopper aliona jambo lililomkaa kichwani miaka yote. Watu wake walikuwa na madaftari waliyoandika vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa na kuthibitika kuwa sahihi. Mmoja akihitaji kipande, aliazima daftari la mwenzake na kunakili. Makosa yaliingia hapohapo katika kunakili. Tarakimu moja ilibadilika, alama moja ikasahaulika, na mashine nzima ikatoa jibu la uongo. Watu wenye shahada za juu za hisabati walikosea kujumlisha na walikosea kunakili. Kila karani wa mpakani aliyewahi kurudia kuandika namba ya chombo cha mzigo anaifahamu hali hiyo, na kila mfanyabiashara aliyewahi kuzuiwa kwa sababu ya tarakimu moja anaifahamu zaidi.

Kisa cha mdudu kinachosimuliwa sana juu yake ni cha Septemba 1947. Mashine iliyofuata, Mark II, ilikwama. Mafundi wakakuta nondo amebanwa kwenye swichi. Wakamtoa, wakamgandisha kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba amepatikana. Si Hopper aliyemkamata, na mafundi walikuwa wakiyaita makosa wadudu tangu zamani kabla ya siku hiyo. Lakini alikisimulia kisa hicho vizuri mno hata dunia ikamwachia yeye.

Vita ilikwisha, ndoa yake ilikwisha, na Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke. Mwaka 1949 alihamia Philadelphia, kwenye kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikijenga kompyuta ya kwanza ya kuuzwa Marekani, UNIVAC. Kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na Remington Rand, watengenezaji wa mashine za chapa. Kipindi hicho pombe ilimzidi nguvu, mpaka akakamatwa na polisi kwa ulevi. Rafiki zake wa kazi walimwandikia waziwazi kwamba anajiangamiza. Alisimama tena. Wasimulizi wengi wa maisha yake hukiruka kipande hiki, pengine kwa heshima. Lakini mtu aliyefanya kazi aliyoifanya katika miaka mitatu iliyofuata, akitokea kwenye shimo hilo, anastahili kisimuliwe.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye yale madaftari ya kunakili. Ikiwa kunakili ndiko kunakoleta makosa, na ikiwa mashine hainakili vibaya, basi mashine yenyewe inakili. Hopper alivipa vipande vya programu majina mafupi, akaviweka kwenye utepe wa sumaku, kisha akaandika programu iliyosoma majina hayo, ikavichukua vipande na kuviunganisha kuwa programu moja kamili. Aliiita kompaila, na ya kwanza, A-0, ilifanya kazi kufikia mwaka 1952. Mwaka huo aliieleza mbele ya wataalamu wenzake. Wengi hawakuamini. Kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu. Kuandika programu ilikuwa kazi ya mtu. Baadhi walikuwa na sababu nyingine ya kutopenda wazo hilo: kazi ikirahisishwa, wao wachache wanaoijua hawatakuwa tena makuhani wa hekalu.

Uhaba wa wajuzi ulikuwa ndio tatizo la kampuni yake. UNIVAC ilikuwa ghali sana, na mteja aliyeinunua aligundua haraka kwamba amenunua kabati kubwa lisilojua chochote. Hakukuwa na shule ya kumpatia waandishi wa programu. Hopper aliwaajiri watu wa namna mbalimbali, wengi wao wanawake, akawafundisha ndani ya kazi. Kompaila zake alizipeleka kwa wateja zikiwa wazi, pamoja na maandishi yote ya ndani, akiwaomba wazijaribu, wazirekebishe na warudishe marekebisho. Hivyo wateja wenyewe wakawa shule.

Upande wa pili wa bahari Wauingereza walikuwa wameanza njia yao, tena kwa biashara ya chai na keki. Kampuni ya Lyons ya London, yenye mikahawa mingi, ilijenga kompyuta yake iliyoitwa LEO, na kuanzia Novemba 1951 ikaitumia kukokotoa hesabu za mikate na keki zake. Lyons pia iliwafundisha wafanyakazi wake yenyewe, watu waliojua ofisi kabla ya kujua mashine.

Hopper alikuwa amefika kwenye uamuzi kama huo. Aliona kuna watu wanaofikiri kwa alama za hisabati, na kuna watu wanaofikiri kwa maneno. Makarani wa mishahara, watunza ghala, wahasibu na wauzaji ni wa kundi la pili, na wao ndio wanaojua kazi inavyokwenda. Kuwalazimisha wajifunze alama za wanahisabati ni kupoteza ujuzi wao. Ni rahisi zaidi kuifundisha mashine maneno yao: zidisha bei kwa idadi, linganisha namba ya bidhaa na orodha ya ghala, andika ankara, ikiwa bidhaa imekwisha nenda kwenye agizo jipya. Timu yake ilichunguza programu nyingi za kazi za ofisi na kuona kwamba vitenzi vinavyorudiwa ni vichache, thelathini hivi. Biashara zote, ukizivua nguo, hufanya mambo yaleyale.

Wakubwa wa kampuni walimjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa kompyuta hazielewi maneno. Mwanzoni mwa mwaka 1955 aliandaa mfano mdogo wa kuwaonyesha. Programu fupi ya ankara iliandikwa kwa Kiingereza, ikafanya kazi. Wakafurahi. Kisha, ili kuonyesha kwamba kwa mashine neno ni mfuatano wa herufi tu, timu yake ikabadilisha maneno yale kuwa ya Kifaransa, na programu ikafanya kazi. Wakabadilisha kuwa ya Kijerumani, ikafanya kazi. Hapo furaha ikakatika. Kwa watu wale, kompyuta ya Kimarekani iliyojengwa Philadelphia kuelewa Kifaransa na Kijerumani lilikuwa jambo la kutisha, tena miaka michache tu baada ya vita. Ilichukua miezi kuwatuliza, na Hopper alilazimika kuahidi kwamba watabaki na Kiingereza.

Mtu wa Rubavu, anayeanza siku kwa Kinyarwanda, akapatana bei kwa Kiswahili na kujaza fomu kwa Kifaransa au Kiingereza, huenda akacheka. Lakini ahadi hiyo ya Philadelphia ina uzito hadi leo: lugha za programu zinazotumika duniani zimeshikamana na Kiingereza, wakati aliyeanza alikwisha kuthibitisha kwamba hakuna kilichozilazimisha.

Kutokana na mfano huo ilizaliwa FLOW-MATIC, lugha ya kwanza ya programu kwa kazi za biashara iliyotumia maneno ya kawaida, ikawafikia wateja mwishoni mwa miaka ya 1950. Tatizo jipya likajitokeza. Kila kampuni ya kompyuta sasa ilitaka lugha yake. Aliyeandika programu ya mishahara kwa mashine ya IBM asingeweza kuipeleka kwenye UNIVAC; aliyehama mashine aliandika yote upya na kufundisha watu wake upya. Mteja alifungwa kwa muuzaji wake kama mkulima anayedaiwa na mwenye duka. Jeshi la Marekani, lenye kompyuta za kila aina, lilikuwa likiumia zaidi.

Aliyeamsha mjadala alikuwa Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs. Mwezi Aprili 1959 watu wachache walikutana Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Hopper akiwamo, wakakubaliana kuiomba Wizara ya Ulinzi iwe mwenyeji wa mazungumzo. Mwezi Mei watu wapatao arobaini walikusanyika Pentagon: wauzaji wa mashine wanaoshindana sokoni, wateja wakubwa na maofisa wa serikali, chini ya Charles Phillips wa wizara hiyo. Yalikuwa kama mazungumzo ya nchi jirani juu ya cheti kimoja cha asili ya bidhaa. Kila mmoja alikubali kwamba umoja ni mzuri, na kila mmoja alitaka umoja huo uandikwe kwa mtindo wake. Kazi ya kuandika ilifanywa na kamati ndogo yenye watu kama Jean Sammet na Betty Holberton. Hopper hakukaa kwenye kamati hiyo. Alikuwa mshauri, lakini FLOW-MATIC yake ndiyo iliyokuwa mezani kama kielelezo kilichokwisha kufanya kazi. Lugha mpya ikaitwa COBOL, kifupi cha maneno yenye maana ya lugha ya pamoja ya biashara.

Katikati ya mabishano hayo Howard Bromberg wa kampuni ya RCA alichoka kusubiri, akanunua jiwe la kaburi lililochongwa jina COBOL na kumpelekea Phillips. Jiwe liliwahi. Desemba 1960 programu zilezile za COBOL ziliendeshwa kwenye mashine ya RCA na kwenye UNIVAC, mashine za wapinzani wa soko, kwa mabadiliko madogo tu, na zikatoa majibu yaleyale. Muda si mrefu serikali ya Marekani ilianza kudai kwamba kompyuta itakayonunua ielewe COBOL. Wauzaji ambao hawakuipenda wakaipenda.

Hopper huitwa mama wa COBOL, na wengine humwita bibi yake. Bibi ni sahihi zaidi. Kumpa yeye yote ni kuwadhulumu Hawes, Sammet, Holberton na wenzao. Lugha yenyewe haikukosa wakosoaji. Wanazuoni wa vyuo vikuu waliiona ndefu kwa maneno na isiyo na urembo wa hisabati, na wengine walikataa kuifundisha. Tena watu wa enzi ya kadi za matundu, kadi yenye nafasi 80 tu, walizoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi; deni hilo lilikuja kulipwa kwa fedha nyingi dunia ilipokaribia mwaka 2000.

Katika miaka hiyohiyo kompyuta zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata yake mwaka 1965. Mashine zilikuja, lakini waliozielewa walikuwa wageni, na wazawa waliofundishwa walikuwa wachache mno. Hesabu za serikali zilivurugika badala ya kunyooka, na mwaka 1974 Tanzania ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi huo ulichekwa sana baadaye, lakini waliouchukua walikuwa wamelipia mashine ambazo watu wao hawakuweza kuziongoza. Ni kabati lilelile ambalo wateja wa UNIVAC walilinunua miaka ishirini nyuma yao, isipokuwa wao walikuwa na Hopper wa kuwafundisha.

Mwishoni mwa mwaka 1966 jeshi la wanamaji lilimwambia Hopper, ambaye miaka yote alikuwa katika akiba, kwamba umri umefika astaafu. Aliondoka akiwa na huzuni. Miezi saba baadaye aliitwa tena. Mifumo ya jeshi, ukiwamo wa mishahara, ilikuwa haielewani. Kila kituo kilikuwa na COBOL yake yenye lafudhi yake. Alipewa miezi sita kurekebisha. Alikaa miaka 19.

Pentagon alipewa chumba na watu wachache, bila samani za kutosha. Inasimuliwa kwamba watu wake walizunguka usiku wakichukua meza na viti vya ofisi nyingine, na bendera ya maharamia ikasimama mezani. Saa ya ukutani ilikwenda kinyume, mishale ikirudi nyuma, ili kila anayeingia akumbuke kwamba mazoea si sheria. Ndani ya mzaha huo kazi ilikuwa ngumu. Alijua kuwa kuandika kiwango kwenye karatasi hakutoshi, kwa sababu kila muuzaji huapa kwamba mali yake inakitimiza. Kwa hiyo timu yake iliandika majaribio: mkusanyiko wa programu ambazo kompaila yoyote ya COBOL ilipaswa kuziendesha na kutoa majibu yanayojulikana. Iliyofaulu ilikubaliwa, iliyoshindwa ilirudishwa kwa mwenyewe. Ni mizani ya soko, basi, isiyoangalia uso wa muuzaji. Pamoja na majaribio walitoa vitabu vya mafunzo na kuwafundisha mabaharia, wengi wao vijana wasio na elimu ya juu, kuandika programu za kazi zao.

Alipandishwa cheo kuwa kapteni mwaka 1973. Kwa wakati huo alikuwa akizunguka nchi nzima kufundisha na kuhutubia, mara nyingi akiwa na sare, sigara na begi lenye vipande vya waya. Kila kipande kilikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi, umbali ambao umeme unaweza kusafiri, kwa kasi ya juu kabisa, katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Maadmeri walipolalamika kwamba ujumbe kupitia setilaiti unachelewa, aliwapa kipande kimoja na kuwataka wahesabu vipande vingapi vinatosha kutoka ardhini hadi kwenye setilaiti. Waandishi wa programu aliwagawia vilevile, wajue wanatupa nini wanapopoteza muda wa mashine. Mwalimu wa Vassar hakuwa amekwenda mbali.

Alipinga pia mtindo wa kununua kompyuta moja kubwa zaidi kila kazi inapoongezeka. Alipenda mfano wa ng'ombe wa kukokota: gogo likimshinda ng'ombe mmoja, mkulima hafugi ng'ombe mkubwa kuliko huyo, anaongeza wa pili. Alitaka mashine ndogo nyingi zilizounganishwa, kila moja mahali kazi ilipo, zikipeana taarifa. Miaka ya 1970 hayo yalikuwa maneno ya mtu anayebishana na bidhaa zilizokuwa zikiuzwa.

Mwaka 1983, baada ya kipindi cha televisheni kilichomtambulisha kwa umma, Rais Ronald Reagan alimpandisha kuwa komodoo. Mwaka 1985 cheo hicho kikabadilishwa jina, naye akawa admeri. Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 79, kwenye sitaha ya meli ya kale USS Constitution bandarini Boston, ofisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo. Hakwenda kupumzika. Kampuni ya Digital Equipment ilimchukua kuwa mshauri, na akaendelea kuzunguka vyuoni. Alipoulizwa mafanikio yake makubwa, hakutaja kompaila wala COBOL. Alitaja vijana aliowafundisha.

Alifariki nyumbani kwake Arlington, Virginia, tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington. Meli ya kivita iliyopewa jina lake ilianza kazi mwaka 1997, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, yeye akiwa kaburini.

COBOL haikumfuata. Benki, bima na ofisi za serikali katika nchi nyingi bado zinaiendesha. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu waliopoteza kazi katika jimbo la New Jersey walijaza maombi ya msaada kwa wingi hadi mfumo ukazidiwa, na gavana akatangaza hadharani kwamba anatafuta watu wa kujitolea wanaoijua COBOL. Mashine zilikuwapo na programu zilikuwapo. Waliofundishwa kuziandika walikuwa wamezeeka, na wachache walikuwa wamefundishwa kuwarithi.

Fungu la nyaya za Hopper limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Daftari la mwaka 1947 lipo hukohuko, nondo akiwa bado kwenye utepe.